Saa Mbili na Alama Sabini: Tadbiri za Wanachuo wa Kitui na Makueni

Katika nchi ya Ukambani, ambako mvua ya Novemba hungojewa kwa hamu kuliko ile ya Aprili, na ambako mzazi huupima mwaka wake kwa magunia ya ndengu na kreti za maembe, kuna msimu mwingine usiomo katika hesabu ya mkulima, nao ni zile wiki mbili au tatu za mwisho wa muhula, wakati vyumba vya kupanga vya Kwa Vonza vinapowaka taa hadi usiku wa manane, na wenye maduka ya fotokopi wakawa hawapati wasaa wa kula chakula cha mchana. Huo ni msimu wa mtihani wa chuo kikuu, na katika kaunti za Kitui na Makueni ni msimu mgeni kuliko watu wanavyodhani.

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho wenyeji hukiita SEKU, kilitokana na chuo cha kilimo cha Ukambani, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, kisha kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Makao yake makuu yapo upande wa Kwa Vonza, na matawi yake yamefika mji wa Kitui, Wote na Mtito Andei. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina tawi Kitui. Kabla ya hapo kijana wa Mutomo au wa Kibwezi aliyetaka shahada hakuwa na budi kuhama kwao, na ukirudi nyuma zaidi utamkuta kijana huyo, akiwa mmoja katika maelfu, amepanda gari la moshi kwenda Makerere, ambayo tangu mwaka 1949 ilikuwa imefungamana na Chuo Kikuu cha London, hata shahada zikitolewa kwa jina la London, mpaka kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki mwaka 1963. Serikali zimebadilika, vyuo vimeongezeka, na yule mmoja katika maelfu sasa ni darasa zima la vijana waliozaliwa na wazazi ambao hawajapata kuuona ukumbi wa mtihani wa chuo. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo, kwa maana mzazi aliyesoma chuo humwachia mwanawe, bila hata kukusudia, maarifa mengi madogo ya namna ya kuukabili mtihani, ilhali mtoto wa mkulima wa Kyuso au wa Nguu huyavumbua peke yake, na mara nyingine huyavumbua katika mwaka wa tatu, alama zikiwa zimekwisha kumpotea.

Nasema maarifa, wala sisemi akili. Katika vijana wanaoanguka karatasi zao wamo wengi wenye vichwa vyepesi, na miongoni mwa wanaopita wamo wengi wa kadiri ya wastani waliojua namna ya kujiandaa na namna ya kuzigawa saa mbili. Mambo hayo hufundishika kama kupanda na kupalilia kunavyofundishika, na ni huzuni kwamba aghalabu hayana mwalimu wala kipindi.

Tuanze na umbo la mtihani wenyewe, kwa kuwa wapo wanaoingia vitani bila kujua ukubwa wa uwanja. Katika vyuo vikuu vingi vya umma vya Kenya kila somo lina alama 100, nazo hugawika mafungu mawili: 30 ni za majaribio ya katikati ya muhula, yale ambayo kila mwanachuo huyaita CAT, pamoja na kazi za nyumbani; na 70 ni za mtihani wa mwisho. Atakayepata jumla ya 40 amepita katika masomo mengi, na atakayefikia 70 amepata daraja la A. Mwanafunzi aliyechuma alama 22 katika CAT zake huingia ukumbini akihitaji 18 tu katika zile 70 ili apite, na kila kinachozidi hapo kinampandisha daraja. Mwenzake aliyezidharau CAT akatoka na 9 huingia akihitaji 31 kabla hajaanza kufikiria heshima yoyote. Wawili hao huketi meza za jirani, husoma swali lile lile, lakini kalamu ya mmoja inatulia na ya mwingine inatetemeka. Kwa hiyo tadbiri ya kwanza, ambayo wanafunzi wa mwaka wa nne huwausia wadogo zao na wadogo zao hawasikii, ni kuufanya mtihani wa mwisho uwe mdogo kwa kuzichukulia CAT kwa uzito wa mtihani.

Ya pili ni jinsi ya kusoma, na hapa ndipo penye hadaa kubwa. Mwanafunzi huketi na daftari zake, huzisoma mara ya kwanza, huzirudia ya pili na ya tatu, akipitisha kalamu ya rangi juu ya kila sentensi inayompendeza hata ukurasa mzima ukawa wa manjano. Na kila anaporudia huona ameyazoea maneno hayo, naye huyachukua mazoea hayo kuwa ndiyo elimu. Siku ya mtihani daftari halipo, na mazoea yote yamebaki nalo chumbani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885, kwa kujijaribu mwenyewe, jinsi kumbukumbu inavyoporomoka kwa kasi katika saa na siku za mwanzo baada ya kujifunza. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanachuo maandishi ya kusoma. Wengine wakayasoma kwa vipindi vinne mfululizo, na wengine wakayasoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu wakaketi bila maandishi wakiandika kila walichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliorudia kusoma walikumbuka takriban asilimia 40, na waliojijaribu walikumbuka takriban asilimia 61.

Walimu wa vyuo vya Qur'ani katika pwani yetu hawakuhitaji kungoja utafiti huo, maana mwanafunzi wao hakuruhusiwa kufuta ubao na kuandikiwa aya mpya mpaka ameisoma ile ya zamani kwa hifdhi, ubao ukiwa umegeuzwa. Na mwanachuo wa Kwa Vonza anaweza kuifuata njia hiyo hiyo bila gharama. Huchukua karatasi, akaigawa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto huandika swali, si kichwa cha habari bali swali kamili, mathalani kwa nini mmomonyoko wa udongo huwa mkali zaidi katika mvua za kwanza baada ya kiangazi. Upande wa kulia huandika jibu kwa mukhtasari. Kisha huufunika upande wa kulia kwa kipande cha katoni, hujiuliza kwa sauti, hulijibu swali kwa kalamu katika karatasi nyingine, na hapo ndipo hufunua kujisahihisha. Alilokosa hulitia alama na kulirudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kazi hii huchosha kuliko kusoma, na humvunja moyo anayeianza, kwa kuwa humwonyesha wazi asichokijua. Lakini ni kheri aonyeshwe na kipande cha katoni kuliko na karatasi ya mtihani.

Karatasi za miaka iliyopita ni hazina, nazo huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya fotokopi na kupitishwa kutoka simu hadi simu. Walakini matumizi yake ni ya namna mbili. Wako wanaozisoma ili wabashiri, jambo wanaloliita kuspoti, wakihesabu ni swali lipi limetoka mwaka gani na lipi lina zamu mwaka huu, kisha wakasoma mada nne katika kumi na mbili na kuziacha zilizobaki kwa Mungu. Mada ikitoka hujisifu. Ikikosa kutoka, na hasa mhadhiri akiwa mgeni, basi muhula wote umekwenda na maji. Na wako wanaoziweka mezani, wakatazama saa, na kujibu swali zima kwa dakika zile zile watakazokuwa nazo ukumbini, bila daftari. Hao wa pili wanajua jambo ambalo halimo katika daftari lolote, yaani mkono wao unaandika kurasa ngapi katika nusu saa.

Vikundi vya diskasheni, ambavyo hukutana kivulini au katika madarasa matupu baada ya chakula cha jioni, ni neema iwapo kila mmoja amekuja ameshasoma, kwa sababu anayemfundisha mwenzake hulazimika kulipanga jambo kichwani mwake; vinginevyo mmoja husema na watano husikiliza, na hao watano hurudi vyumbani wakidhani wameelewa. Kuhusu kukesha, ambako vijana hukutukuza kana kwamba ni ushujaa, sina maneno mengi. Usingizi ndio wakati ambao ubongo huyatia imara yaliyosomwa mchana, na anayeukata ili asome zaidi anajinyang'anya kile kile anachokitafuta. Usiku mmoja wa kuamkia karatasi ya saa mbili asubuhi haujapata kufidia wiki kumi na mbili.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuzungumza juu ya tadbiri kana kwamba wanafunzi wote wanaanzia mstari mmoja. Anayedaiwa karo huenda asipewe kadi ya mtihani, na pasipo kadi msimamizi hana ruhusa ya kumwingiza. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo cha umma alitozwa karo ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ikimkopesha. Mwaka 2023 serikali ilileta utaratibu mpya unaozigawa familia katika mafungu kwa kadiri ya uwezo wao, nao umezua manung'uniko na mashauri mahakamani. Familia ya mkulima wa Mwingi au Kathonzweni, ambayo ndengu zake zilikauka kabla ya kutoa maua, haiyajui mafungu hayo kwa majina. Inachojua ni kwamba mbuzi wawili wameuzwa na bado pesa hazijatosha. Matokeo ni kwamba wiki ambayo mwenzake anaitumia kujiuliza maswali, kijana huyu anaitumia kupiga simu kwa wajomba, kupanga foleni katika ofisi ya fedha, na kurudi chumbani akiwa na kichwa kilichojaa hesabu zisizo za mtihani. Wenye busara miongoni mwao hujifunza kuianza shughuli ya kadi mapema, wiki sita au nane kabla, huandika barua ya kuomba kulipa kidogo kidogo, na hujiwekea mwiko kwamba saa za alfajiri ni za vitabu hata kama mchana wote utakwenda kwa madeni. Hiyo nayo ni tadbiri ya mtihani, tena ya wenye moyo mgumu, na ingefaa vyuo vizipe barua hizo majibu ya mapema ili wiki ya mwisho ibaki kuwa ya masomo.

Sasa tuingie ukumbini. Karatasi huwekwa mezani ikiwa imefunikwa. Saa ikifika hugeuzwa, na macho hukutana na maagizo ambayo mwanachuo wa Kenya ameyaona mara nyingi hata ameacha kuyasoma: jibu swali la kwanza, ambalo ni la lazima, na mengine mawili yoyote. Swali la kwanza lina alama 30, kila moja la mengine lina 20, na jumla ni 70; muda ni saa mbili, yaani dakika 120. Fanya hesabu hii pamoja nami, kwa kuwa wasioifanya ndio wengi. Tenga dakika kumi za mwanzo kusoma karatasi yote na kuchagua, na dakika nane za mwisho kupitia ulichokiandika. Zimebaki dakika 102. Ukizigawa kwa haki ya alama, swali la kwanza linapata dakika 44, na kila moja la mengine mawili linapata 29. Andika saa za kuhamia pembeni mwa karatasi ya maswali, na saa ikifika uhame, hata kama sentensi iko katikati. Acha nafasi, utairudia.

Anayebisha na atazame yanayowapata wengine. Mwanafunzi hulipenda swali la kwanza, hulijaza maelezo kwa saa nzima na robo, na kwa dakika 30 za ziada alizoliongezea anaipandisha alama yake labda kutoka 22 hadi 25. Kisha anafika swali la tatu akiwa na dakika sita, akaandika kichwa cha habari, nukta tatu zisizo na maelezo, na maneno ya kumsihi mhadhiri kwamba wakati umekwisha. Alama za mwanzo za kila swali ni rahisi kuzipata kuliko alama zake za mwisho. Aliyejibu maswali matatu kwa wastani humshinda, karibu kila mara, aliyejibu mawili kwa ufundi.

Baada ya wakati, linalofuata ni kitenzi cha swali. Chukua jambo linalojulikana na kila mtoto wa Kitui na Makueni, lile bwawa la mchanga, yaani ukuta uliojengwa kuvuka mto wa msimu ili mafuriko yaurundike mchanga nyuma yake na maji yakae ndani ya mchanga huo, yakikingwa na jua hata miezi ya kiangazi. Swali likisema orodhesha faida nne za mabwawa ya mchanga, kwa alama nne, mtahini anataka mistari minne, na anayeandika ukurasa mzima anapoteza wakati wake bila kuongezewa hata nusu alama. Likisema eleza jinsi bwawa la mchanga linavyohifadhi maji, linataka mfululizo wa sababu: mafuriko, mchanga kutuama, maji kujaa baina ya chembe zake, jua kushindwa kuyafikia, kisima kuchimbwa ukingoni. Lakini likisema jadili mchango wa mabwawa ya mchanga katika maisha ya wakaaji wa nchi kame, kwa alama 20, hapo faida peke yake hazitoshi. Yafaa mwanafunzi aseme pia ni mito ipi isiyofaa kwa kuwa haina mwamba wa kushikilia ukuta wala mchanga wa chembe kubwa, nini hutokea pale jamii isipoutunza ukuta, na biashara ya kuchota mchanga kwa ajili ya majengo ya mijini huharibu nini, kisha atoe hukumu yake. Mtoto aliyechota maji kutoka mto huo tangu utotoni huenda akajua mambo haya yote na bado akapata 8 katika 20, kwa sababu aliulizwa ajadili naye akaorodhesha.

Kwa swali refu, dakika tatu za kuandika mpango upande wa nyuma wa kijitabu cha majibu hazipotei kamwe. Katika masomo ya hesabu na sayansi, kila hatua iandikwe, kwa kuwa watahini wengi hutoa alama kwa njia hata jibu la mwisho likikosewa. Na aliyefuta njia yake akaacha jibu peke yake amechoma daraja alilovukia. Kuhusu swali la kuanzia, wengine hupenda kuanza na lile wanalolijua zaidi hata kama si la kwanza, ili mkono upate moto na hofu ishuke. Ni shauri jema, mradi saa za kuhamia zisisahauliwe.

Hofu yenyewe nayo isipuuzwe. Kuna wanaojua jambo jana usiku, wakaliona karatasini asubuhi, na kichwa kikawa kitupu kwa sababu moyo unakwenda mbio na mawazo yote yamejaa sura ya mama aliyeuza ng'ombe. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika hofu zao karatasini kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakufanya hivyo. Kaa pembeni basi, mbali na lile kundi la mlangoni linaloulizana maswali ya dakika ya mwisho na kutiana wasiwasi, uandike yanayokutisha, uikunje karatasi na kuitupa, kisha uingie mikono mitupu.

Mikono mitupu, nasema, kwa kuwa iko tadbiri nyingine, ya udanganyifu, ambayo wanachuo wa Kenya huiita mwakenya, jina lililotokana na vuguvugu la siri la kisiasa la miaka ya 1980 ambalo vijikaratasi vyake vilimpeleka mtu gerezani. Siku hizi vijikaratasi vimeongezewa simu. Siitaji miongoni mwa maarifa, wala sitaieleza inavyofanywa. Anayekamatwa huweza kusimamishwa au kufukuzwa, na miaka minne ya jasho la wazazi ikaishia katika kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja. Na asiyekamatwa hutoka na cheti cha uuguzi, ualimu au kilimo, akaenda kuwahudumia watu wa Ikutha na Makindu kwa elimu asiyokuwa nayo. Ninawahurumia wanaosukumwa huko na hofu, na huruma hiyo hainifanyi nilione jambo lenyewe kuwa dogo.

Karatasi ikikusanywa, kazi haijakwisha bado, na hapa nawasihi wanachuo wawe makini kuliko walivyozoea. Kuna msiba wanaoujua wote, wa alama zisizoonekana: mwanafunzi aliketi mtihani, akajibu, na muhula ukifungwa nafasi ya alama yake iko tupu, na pengo hilo moja humzuia kuhitimu pamoja na wenzake. Kwa hiyo tia sahihi katika orodha ya mahudhurio kila karatasi, hakikisha nambari yako ya usajili imeandikwa sawasawa juu ya kijitabu, na uzihifadhi CAT zako zilizosahihishwa katika bahasha moja mpaka siku ya mahafali. Aliyeanguka afanye mtihani wa marudio, ambao vijana huuita sapu, mapema iwezekanavyo, mada zikiwa bado mbichi kichwani. Na wahadhiri nao wazirudishe CAT kabla ya wiki ya mtihani, zikiwa na maneno mawili matatu ya kueleza alama ilikwenda wapi, maana kijana anayeona kosa lake Oktoba bado ana wakati wa kulirekebisha, na anayelijua Januari alikwisha kulirudia kosa lile lile katika karatasi ya alama 70.